Kabla Hujashusha Pampu

Dizeli ya zamani ikianza kusumbua, mtuhumiwa wa kwanza ni pampu. Gari likichelewa kuwaka asubuhi, wanasema pampu. Likikosa nguvu mlimani, pampu. Likitoa moshi mweupe, pampu tena. Mwenye gari anaingia gharama kubwa, pampu inashushwa, inapelekwa kwa fundi pampu, inarudi na sili mpya, na wiki chache baadaye ugonjwa uko palepale. Kwa maoni yangu, kesi nyingi za namna hii hazina uhusiano na pampu hata kidogo. Zinahusu mambo yaliyoyapata mafuta kabla hayajaifikia.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanywa mjini Arusha kwenye Land Cruiser HZJ75 ya utalii, yenye matangi mawili. Malalamiko ya dereva yalikuwa mawili. Asubuhi starta inazunguka muda mrefu, injini inashika, inakata, inashika tena, ndipo inatulia. Na njiani, kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini likianza kupanda kutoka lango la Loduare kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro lilikuwa linaishiwa pumzi, na moshi mweupe unafuata nyuma. Gereji ya kwanza ilikwisha kutoa hukumu kwamba pampu imekufa. Mwenye gari akatafuta fundi wa pili kabla ya kutoa hela, na huyo ndiye ambaye kazi yake inafaa kuelezwa hatua kwa hatua.

Tuanze na injini yenyewe. Ni 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Toyota iliitoa mwaka 1990, na kwa miongo mitatu iliyofuata ilikaa chini ya boneti za magari ya wagonjwa, ya polisi, ya misheni, ya miradi ya maji na ya watalii. Mtaani huyaita magari haya mkonga, kwa lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele.

Pampu yake ni ya aina ya VE, muundo wa Bosch unaotengenezwa Japani na Denso. Ndani yake kuna plunja moja tu inayohudumia silinda zote sita. Plunja hiyo inazunguka, na papo hapo inasukumwa mbele na nyuma na sahani ya kamu yenye vilima sita. Kila kilima ni pigo la silinda moja. Pampu inazunguka kwa nusu ya mwendo wa injini. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, plunja hiyo moja inapiga mara 9,000 kwa dakika, yaani mara 150 kila sekunde. Nafasi iliyopo kati yake na tundu lake ni mikroni chache, na hakuna oili inayofika pale. Kinachoilainisha ni dizeli inayopita.

Jambo la pili husahauliwa hata na mafundi wazuri. Mfumo huu hauna pampu ya kusukuma mafuta kutoka tangini. Ndani ya pampu kubwa kuna pampu ndogo yenye mabawa manne, na hiyo ndiyo inayoyanyonya mafuta kutoka nyuma ya gari, kupitia paipu ya chuma inayopita kwenye chesisi, mpira, filta, mpira mwingine, hadi mlangoni mwa pampu. Njia yote hiyo iko kwenye mvuto. Paipu yenye msukumo ikitoboka inamwaga. Utaona tone, utasikia harufu, sakafu ya gereji italowa. Paipu ya mvuto ikitoboka haimwagi kitu, inavuta hewa, sawa na mrija wa soda wenye tundu. Kwa nje ni kavu na safi. Injini ikizimwa, hewa inapenya polepole na mafuta yanarudi tangini usiku kucha. Asubuhi starta inazungusha pampu iliyojaa hewa nusu.

Hapo ndipo kosa la utambuzi linapozaliwa. Ile pampu ndogo kazi yake haiishii kwenye kunyonya. Shinikizo inalolijenga ndani ya nyumba ya pampu ndilo linalosogeza pistoni ya taimingi: mwendo ukiongezeka, shinikizo linapanda, na mafuta yanapigwa mapema zaidi ili yapate muda wa kuungua. Hewa ikichanganyika na mafuta, au njia ikiziba, shinikizo linashuka na taimingi inachelewa. Nguvu inapungua, moshi mweupe unatoka, injini inakuwa nzito. Dalili hizo ndizo zilezile za pampu iliyochakaa. Fundi wa kwanza hakuwa mwongo. Dalili alizoziona zilikuwa za kweli, ila alizipa jina la ugonjwa mwingine.

Fundi wa pili alianza bila spana. Juu ya kichwa cha filta kuna pampu ya mkono, kitufe kipana cha mpira kinachobonyezwa kwa kiganja ili kuvuta mafuta na kutoa hewa. Jioni aliibonyeza hadi ikawa ngumu, gari likalala bila kuwashwa. Asubuhi aliibonyeza tena ikawa laini, ikahitaji mibonyezo mingi kabla haijakaza. Mafuta yalikuwa yamerudi nyuma, na kipimo hicho hakikugharimu hata senti.

Kisha akautoa mpira mweusi ulio kati ya filta na pampu, akaweka wa plastiki inayoonyesha ndani, injini ikawashwa. Mapovu yalipita mfululizo. Hapa pana haja ya subira: mapovu machache mara tu baada ya kufungua mfumo si ushahidi, kwa kuwa ni hewa iliyoingia wakati wa kufungua. Yanayoendelea baada ya injini kunguruma dakika kumi ndiyo yenye maana.

Jaribio lililoamua kesi lilikuwa la dumu. Fundi alijaza dizeli safi kwenye dumu dogo, akalifunga imara mahali palipo juu kuliko filta, akachomoa mpira unaotoka tangini na badala yake akaunganisha mpira wa dumu. Mpira wa marejeo nao akauelekeza kwenye dumu hilohilo. Sasa mafuta yalikuwa yanashuka kwa uzito wake, hayavutwi tena. Gari likiwa palepale uani, injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikapandishwa mizunguko hadi gavana ikaishika, na kwenye mpira angavu halikupita povu hata moja. Pampu ileile iliyohukumiwa kifo ilikuwa inafanya kazi bila kasoro.

Jaribio hilo lilitoa na zawadi ya ziada. Kwa kuwa dumu lilikuwa juu, upande wa filta ulikuwa na msukumo mdogo badala ya mvuto, na pale ambapo hewa ilikuwa inaingia mafuta yakaanza kutoka. Pembeni mwa kitufe cha mpira cha pampu ya mkono pakajitokeza unyevu, kisha tone. Mpira huo huzeeka kwa joto la injini na kupata nyufa ambazo jicho halizioni mpaka uukunje. Huo ni ugonjwa wa kawaida sana wa Land Cruiser za umri huu, na ningeshauri mtu yeyote mwenye 1HZ inayochelewa kuwaka asubuhi aanzie hapo.

Naongeza neno la tahadhari kuhusu dumu. Lisiwekwe karibu na bomba la moshi, lisiachwe likining'inia, na gari lisitoke nalo barabarani. Ni kipimo cha uani.

Wengi wangeishia hapo: wangebadilisha kichwa cha filta na kumrudishia mtu gari lake. Lakini nyufa za pampu ya mkono hazikuelezea vya kutosha kwa nini gari likose nguvu mlimani na si kwenye tambarare. Mlimani injini inataka mafuta mengi kwa muda mrefu. Hapo ndipo njia iliyoziba nusu inapojidhihirisha. Kwanza fundi alifungua kifuniko cha tangi na kusikiliza. Kama tundu la kupumulia la tangi limeziba kwa vumbi au matope, tangi linajivuta lenyewe, na ukifungua kifuniko utasikia hewa ikiingia kwa sauti. Halikuwa hilo. Akatenganisha paipu ya chuma pande zote mbili, akaziba upande wa tangini, akaingiza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli na kupaka povu la sabuni kuanzia nyuma hadi mbele. Chini ya klipu moja inayoishikilia paipu kwenye chesisi, mahali ambapo matope hukaa na kutu hula kimyakimya, povu likaanza kuvimba. Hilo lilikuwa tundu la pili. Pampu ya baiskeli ilichaguliwa kwa makusudi: kompresa ya gereji ina nguvu ya kupasua kilichokuwa kizima, na wanaopuliza upepo wa kompresa moja kwa moja tangini wanacheza na hatari.

Tangi lilipoteremshwa, jibu la mlima likaonekana. Chujio dogo lililo mwishoni mwa paipu ya kunyonyea lilikuwa limepakwa ute mweusi unaoteleza. Huo ni uchafu wa vijidudu na kuvu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Maji yanaingia kwa unyevu wa hewa: tangi lililo nusu tupu likipoa usiku, matone hujikusanya ukutani na kuteremka chini ya mafuta. Kwenye gari la matangi mawili, lile la akiba ndilo huathirika zaidi kwa sababu madereva hulijaza na kulisahau. Yatumie kwa zamu, leo hili kesho lile. Na tangi lililokaa nusu tupu majira yote ya mvua lisiunganishwe kwenye safari kabla halijamwagwa maji kwenye nati ya chini.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na maajabu. Kichwa cha filta kiliwekwa kipya. Hakikupakwa gundi ya silikoni, ambayo dizeli huilegeza na vipande vyake kusafiri hadi ndani ya pampu. Kipande cha paipu kilichooza kilikatwa na kuwekwa kingine, matangi yote mawili yakaoshwa. Mipira ilibadilishwa kwa mipira ya mafuta. Nasisitiza hili kwa sababu mpira wa maji au wa gesi unapatikana kila duka na unafanana, lakini dizeli huuvimbisha na kuulainisha, na chini ya mvuto unajikunja kwa ndani na kuziba njia. Wesha za shaba kwenye bolti za banjo, zile zenye tundu zinazopitisha mafuta kwenye viungio, ziliwekwa mpya. Wesha iliyokwisha kubanwa mara moja imeshachukua umbo lake, na kuirudisha ni kualika hewa kwa bei ya kipande cha mandazi.

Juu ya bolti za banjo pana mtego mmoja ambao kila fundi wa VE anapaswa kuujua. Bolti ya mlango wa kuingilia na ya kutokea zinafanana kwa nje. Ile ya kutokea imeandikwa OUT kichwani, na ndani ina kitundu chembamba ambacho kazi yake ni kubana marejeo ili shinikizo libaki ndani ya pampu. Zikibadilishana nafasi, mafuta yanaingia kwa kitundu cha sindano na kutoka kwa mlango wazi. Injini itawaka, itanguruma, lakini nguvu haitakuwapo, na fundi ataapa kwamba pampu imekufa.

Filta nayo ina ubishi wake gerejini. Wengine huijaza dizeli kabla ya kuifunga ili injini iwake haraka. Mimi niko upande wa wanaoifunga ikiwa kavu na kubonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze, kwani ukimimina kwa tundu la katikati unaingiza mafuta yasiyochujwa upande uliokwisha kuchujwa. Kuhusu muda, kwa magari ya barabara za vumbi sioni sababu ya kuvuka kilomita 10,000. Maji yaliyojikusanya chini ya filta yamwagwe mara kwa mara kwa kulegeza kizibo cha chini na kubonyeza pampu ya mkono. Kwenye dashibodi kuna taa ya kuonya maji yakijaa. Ukinunua gari la zamani, hakikisha taa hiyo inawaka unapowasha swichi na kuzimika injini ikiwaka, maana waya wake mara nyingi umekatwa na mtu aliyechoshwa nayo.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Tanzania tunalijua neno kuchakachua kwa uchungu. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, yalichanganywa humo hadi mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikaanzisha vinasaba vya kutambulisha mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchanganyiko ipotee. Kwa plunja iliyoelezwa hapo juu, mafuta ya taa ni mepesi mno: hayajengi utando wa kutosha kati ya chuma na chuma. Gari la petroli linaweza kuvumilia mafuta mabovu kwa kugonga na kulalamika. Pampu ya VE inajisaga.

Mabadiliko mengine yalikuja kwa nia njema. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu ya watu. Ila ule usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia viambata vilivyokuwa vikiipa dizeli utelezi wake, kwa hiyo kiwandani hulazimika kuurudisha utelezi huo kwa kuongeza dawa. Sweden iliyaona haya mapema miaka ya 1990, pampu za mzunguko zilipokufa kabla ya wakati baada ya dizeli ya salfa ndogo kuingia sokoni. Tena sili za zamani, zilizozoea kuvimba kidogo kwa mafuta ya zamani, zinasinyaa zikikutana na mapya. Ndiyo maana pampu nyingi za 1HZ huanza kulowa kwenye mhimili wa akseleta bila kuguswa na mtu. Hapo tiba ni seti ya sili, na kazi hiyo haihitaji kununua pampu nyingine. Kuhusu wanaomwaga oili ya injini tangini ili kulainisha pampu, sioni faida. Oili hiyo ina viambata vinavyoacha majivu. Nunua dizeli kwenye sheli yenye mauzo mengi, ambapo matangi ya ardhini hayakai na mafuta muda mrefu.

Nozeli nitazisema kwa kifupi. Za 1HZ hufunguka kwa shinikizo la karibu bar 150, kitu kidogo ukilinganisha na dizeli za kisasa zinazopita bar 1,000. Zinapimwa zote sita kwa pamoja kwenye mashine ya mkono: zifunguke karibu sawa, zinyunyize ukungu bila mchirizi, zisidondoshe kabla ya kufunguka. Mkono usikaribie ncha wakati wa kupima. Mafuta ya shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha lake dogo la nje huficha kazi ya daktari wa upasuaji. Na vile vibano vinavyoshikanisha paipu sita za chuma virudishwe vyote. Bila hivyo, mtetemo unazipasua.

Je, pampu haifi kamwe? Inakufa, na ina dalili yake isiyofanana na za hewa. Hewa inasumbua asubuhi. Kichwa cha pampu kilicholika kinasumbua mchana, injini ikiwa moto: unazima kwa dakika chache getini, unawasha, starta inazunguka bure. Mafuta ya moto ni mepesi, yanavuja pembeni mwa plunja iliyochakaa, na kwa mwendo mdogo wa starta shinikizo la kufungua nozeli halifikiwi. Mafundi wa zamani huifunika pampu kwa kitambaa chenye maji. Ikipoa na gari likawaka, kesi imekwisha. Tumia kitambaa, usimwage maji ya baridi juu ya pampu ya moto, kwani chuma kikisinyaa ghafla plunja inaweza kung'ang'ania.

Hapo sasa ishuke, iende kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, irudi ikiwa imepimwa, na ifungwe kwa kupima taimingi kwa geji ya saa, si kwa kukisia alama. Na skrubu ya mafuta ya mzigo mzima, ile yenye lakiri, isiguswe na mtu asiye na mashine. Wanaoizungusha ili kuongeza nguvu wanaongeza moshi mweusi na joto ambalo vichwa vya 1HZ havilipendi.

HZJ75 ile ilirudi kazini na pampu yake ya awali ambayo haikufunguliwa hata skrubu moja. Fundi akikuambia pampu imekufa, mwombe akuonyeshe mpira angavu na dumu kwanza. Akikataa, peleka gari kwingine.